Kijana anayetaka kuwahudumia watoto wakati wa maafa: aanzie wapi?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda ni nchi iliyoutii usemi huo kuliko nchi nyingi duniani, kwani mkimbizi anayevuka mpaka wake hafungiwi ndani ya uzio wa seng'enge, bali huonyeshwa kipande cha ardhi ajenge na kulima. Lakini wahenga walimkusudia mgeni aliye mtu mzima. Je, mgeni akiwa mtoto wa miaka sita, aliyefika mpakani peke yake bila kujua mama yake amepotelea wapi, naye apewe jembe? Hapo ndipo wanapohitajika watu wenye kazi maalumu, na kazi hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza juma hili na vijana wetu, pamoja na wazazi wanaowalea na kuwasomesha.

Vijana wengi wa Kampala waliomaliza masomo huyaona magari meupe ya mashirika ya misaada yakipita Nakasero na Muyenga, wakatamani kupanda. Wengine hudhani kazi hiyo ni posho na safari. Wengine, wenye nia njema zaidi, hudhani kuwa anayeijua kazi hiyo ni yule mwenye machozi ya karibu. Wote wawili hawajaijua bado. Kumhudumia mtoto wakati wa maafa ni ufundi, kama ulivyo ufundi wa mkunga au wa fundi cherehani, nao una kanuni zake, vipimo vyake na miiko yake. Huruma humleta mtu mlangoni tu. Akishaingia ndani, huulizwa anajua kufanya nini.

KAMPALA NA WAGENI WAKE

Si bahati mbaya kwamba kazi hii imeota mizizi Uganda. Mwaka 1942, wakati wa vita vikuu vya pili, wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, walipelekwa Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya Ziwa Victoria. Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, imekuwa ikiwapokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, walipoanza kuwasili Wanyarwanda. Waganda wenyewe nao walionja ukimbizi: baada ya 1979 maelfu ya watu wa West Nile walivuka mpaka kwenda Sudan na Zaire. Huenda ndiyo sababu Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ikampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini.

Vita vilipofumuka tena Juba mnamo Julai 2016, makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Agosti mwaka huo katika Wilaya ya Yumbe. Kabla mwaka haujaisha, mahali palipokuwa pori palikuwa na watu zaidi ya 250,000. Upande wa magharibi nao haukutulia. Bunagana ilipotekwa Juni 2022, na Goma Januari 2025, Wakongo walikuja kwa maelfu kupitia Kisoro na njia nyingine. Kufikia mwisho wa 2024 Uganda ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 1,700,000, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, na zaidi ya nusu yao ni watoto.

Wala maafa hayako mipakani tu. Mnamo Agosti 10, 2024 lundo la takataka la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, lilibomoka likafukia nyumba, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha, wakiwamo watoto. Januari 2025 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa mjini Kampala kwenyewe, na mtu wa kwanza aliyejulikana kufa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago. Katika milima ya Bududa maporomoko ya ardhi yamekwisha kuzika vijiji zaidi ya mara moja, ikiwa ni pamoja na Nametsi, Machi 2010. Kila mara baada ya msiba wa namna hiyo pana watoto walioachwa bila mtu, na panatakiwa mtu wa kuwajua kwa majina.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kijana mgeni kazini hapewi mambo makubwa. Hupewa kalamu, daftari au simu ya kuandikishia, na foleni ya watu waliochoka. Asiidharau kazi hiyo, kwa maana hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo.

Jambo la kwanza atakalofundishwa ni kutofautisha watoto wa namna mbili. Yuko mtoto aliyetengana na wazazi lakini yu pamoja na jamaa yake, kama shangazi, kaka au bibi. Yuko mwingine ambaye hana mzazi, hana jamaa, wala hana mtu mzima aliyekabidhiwa malezi yake kwa sheria au kwa mila. Mahitaji yao hayafanani. Wa kwanza anaweza kuachwa pale pale alipo, nyumba ile ikasaidiwa. Wa pili lazima atafutiwe mlezi wa muda usiku usijaingia. Kijana asiyejua tofauti hiyo anaweza, kwa wema wake wote, kumtoa mtoto mikononi mwa shangazi aliyembeba siku nne porini, na hivyo kuvunja familia ya mwisho iliyobaki.

Jambo la pili ni jina. Mtoto huulizwa jina lake, jina la baba na la mama, kijiji chao, jina la mzee wa kijiji, shule au kanisa au msikiti wa karibu, na mahali walipoachana. Majina yote yaandikwe kama mtoto anavyoyatamka, pamoja na jina la nyumbani, maana mtoto wa miaka minne huenda halijui jina jingine. Msalaba Mwekundu umewakutanisha watoto na wazazi wao kwa maelezo ya namna hiyo. Herufi iliyokosewa yaweza kuwa ndiyo sababu ya mama aliyeko Nakivale kutomwona mwanawe aliyeko Kyaka. Kabla ya maswali hayo, mtoto apewe maji na kitu cha kutia kinywani, na aelezwe anayemwuliza ni nani. Ndugu wasitenganishwe. Mtoto asiahidiwe kwamba atamwona mama kesho, kwa kuwa kesho hiyo haimo mikononi mwa mwandikishaji.

Jambo la tatu ni vipimo. Upo utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Hufungwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi yake ni nyekundu, na mtoto huyo ana utapiamlo mkali. Hasubiri foleni, hupelekwa kwa wauguzi siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, naye huwekwa chini ya uangalizi. Kuvuta utepe sana au kuulegeza ni kosa dogo la mkono, lakini kwa mtoto laweza kuwa tofauti ya kutibiwa na kutotibiwa.

Yapo vile vile mahesabu ya maji. Kanuni za mradi wa Sphere, ulioanzishwa na mashirika ya misaada mwaka 1997, zasema kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250. Hebu kijana apige hesabu: watu 1,000 waliofika leo jioni wanahitaji lita 15,000 na mabomba manne. Lori la lita 10,000 likija mara moja tu, upungufu ni lita 5,000, na wa kwanza kuukosa mgawo ni mtoto asiyeweza kusukumana na watu wazima. Mtu aliyeweza kuisema hesabu hiyo mapema mbele ya mkubwa wake amewasaidia watoto wengi kuliko aliyesimama kando akilia.

AANZIE WAPI?

Hatua ya kwanza iko karibu kuliko vijana wanavyofikiri. Katika kila kijiji na mtaa wa Uganda, makamu mwenyekiti wa halmashauri ya LC 1 ndiye katibu wa mambo ya watoto. Kijana na aende kwake, ajitambulishe, aulize ni watoto gani mtaani wasiokwenda shule na kwa nini. Katika kila wilaya yuko pia afisa wa ustawi wa jamii, ambaye Sheria ya Watoto imempa wajibu juu ya mtoto aliyepotea, aliyetupwa au aliyeteswa. Ofisi hizo mara nyingi zina kazi nyingi na watu wachache, na mwanafunzi anayekuja kujifunza kwa bidii ni nadra kufukuzwa. Hapo ndipo atakapojifunza sheria za nchi yake kabla ya kujifunza desturi za shirika lolote la kigeni.

Hatua ya pili ni Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda, kilichoanza mwaka 1939 na kutambuliwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1964. Makao yake makuu yako Rubaga, nacho kina matawi nchini kote. Mtu wa kujitolea hufundishwa huduma ya kwanza, kuandikisha watu na kuwatafutia jamaa zao. Hapati mshahara. Lakini wakati wa mafuriko au maporomoko, waliovaa fulana za chama hicho huwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na anayetaka kuajiriwa baadaye atakuwa na jambo la kweli la kueleza.

Hatua ya tatu ni elimu. Chuo Kikuu cha Makerere kina idara ya ustawi wa jamii, na chuo cha Nsamizi kilichoko Mpigi kimekuwa kikiwafunza maafisa wa maendeleo na ustawi kwa miaka mingi. Hata hivyo si lazima kila mtu awe amesomea ustawi. Maafa yanahitaji wauguzi, walimu, mafundi wa maji, watunza ghala, wahasibu na madereva. Mwalimu wa shule ya msingi anayeweza kuwatuliza watoto 80 chini ya mwembe ana ujuzi ambao wengi wenye shahada hawana.

Hatua ya nne ni lugha, na hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji mkononi. Wakongo waliomo Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja na Nakivale, na wale wanaoishi Kampala katika mitaa kama Nsambya na Katwe, wengi wao huzungumza Kiswahili. Kwa muda mrefu Waganda wengi walikiogopa Kiswahili kwa kukihusisha na amri za askari. Leo ni lugha rasmi ya pili ya taifa tangu marekebisho ya katiba ya 2005. Mtoto aliyekimbia askari akisemeshwa Kiswahili kwa upole, huyo amesikia kwamba lugha ile ile ina maneno mengine. Anayekwenda West Nile ajifunze walau Kiarabu cha Juba.

Mwisho, kijana ajue kuendesha pikipiki na awe na leseni yake. Nafasi nyingi za chini mashambani hudai jambo hilo, wasichana kwa wavulana, na wengi hukosa kazi si kwa upungufu wa masomo bali kwa sababu hawawezi kukifikia kijiji kilicho kilomita 20 kutoka ofisini.

BARUA, NA MATAPELI

Barua ya maombi iwe fupi na ya kweli. Badala ya kuandika, "Nina moyo wa kuwapenda watoto," kijana aandike alichokifanya: aliandikisha watoto wangapi, kwa muda gani, chini ya nani, na ilipotokea shida alifanya nini. Awe na kitambulisho cha taifa, vyeti vyake, na cheti cha polisi cha tabia njema, maana siku hizi mashirika mengi huuliza habari za mwombaji kabla ya kumruhusu kuwa karibu na mtoto.

Tunawaonya wasomaji: shirika la kweli halimtozi mwombaji fedha. Umoja wa Mataifa hautozi ada ya fomu, ya usaili wala ya mafunzo. Mtu atakayekuambia utume fedha kwa simu ili jina lako lipite, hata akiwa na karatasi yenye nembo nzuri, ni mwizi. Wapo wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili ya kazi ambayo haikuwapo.

MIIKO YA KAZI

Si kila anayewakimbilia watoto huwatakia mema. Mwaka 2002, baada ya kufichuka kwamba baadhi ya wahudumu wa misaada katika Afrika Magharibi walikuwa wakidai ngono kwa kubadilishana na chakula, mashirika yaliandika kanuni za kulizuia jambo hilo. Mwaka 2018 kashfa nyingine, ya mambo yaliyotendeka Haiti, iliyatikisa mashirika tena. Ndiyo maana kijana atawekewa masharti ambayo huenda akayaona ni ya kumdhania ubaya: asikae na mtoto peke yake mahali pa faragha, asimpe zawadi za siri, asimpige picha bila ruhusa, asimchukue nyumbani kwake hata kwa huruma, asitangaze habari zake katika simu. Asikasirike. Masharti hayo yanamlinda mtoto kwanza, na yanamlinda naye pia.

Uaminifu wa hesabu nao ni mwiko mkubwa. Mwaka 2018 Uganda ililazimika kuwahesabu wakimbizi wake upya kwa alama za vidole, kwa sababu daftari zilikuwa na majina yasiyo na watu. Jina la uongo hula chakula cha mtoto wa kweli. Anayeombwa kuongeza mistari mitano tu katika daftari na akumbuke hilo.

Na akiona mtoto anadhulumiwa, hata na mkubwa wake kazini, asinyamaze. Namba 116, iitwayo Sauti, hupigwa bila malipo Uganda nzima kwa ajili ya kuripoti mateso ya mtoto.

FEDHA, NA MANENO KWA WAZAZI

Sasa tuseme lile ambalo wengi hulificha. Kazi hii haina uhakika. Mikataba yake huwa ya miezi michache, nayo hufuata fedha za wafadhili. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja wa Uganda katika orodha ya chakula kwa kukosa fedha. Julai mwaka huo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa. Watumishi wengi, wakiwamo vijana waliokuwa wakilea wadogo zao kwa mshahara huo, walirudi nyumbani mikono mitupu, huku watoto waliokuwa wakiwahudumia wakiwa bado palepale.

Kwa hiyo yafaa kijana awe na ujuzi wa pili unaokubalika katika serikali ya wilaya, shuleni au hospitalini. Muuguzi hubaki muuguzi hata shirika likiondoka. Aidha, akipata mkataba, tangu mwezi wa kwanza aweke akiba ya kumtosha miezi mitatu, kabla hajaanza kununua vitu vya nyumba.

Wazazi nao wana lao. Kijana anayejitolea miezi sita kwa nauli na chakula cha mchana anaishi kwa jasho la nyumbani, na si kila nyumba inaweza. Ni vyema baba, mama na kijana wakae chini wakubaliane mapema: muda gani, gharama kiasi gani, na muda huo ukiisha bila ajira, nini kifuatie. Makubaliano hayo huepusha manung'uniko. Asiye na uwezo wa kukaa bila mapato na aanze kwa siku za Jumamosi tu, huku akifanya kazi yake nyingine. Kujitolea kidogo kwa muda mrefu kuna thamani kuliko kujitolea sana kwa mwezi mmoja.

Mama mwenye binti anayepelekwa Yumbe au Adjumani ana haki ya kuuliza: atalala wapi, atasafiri na nani baada ya jua kuchwa, na akipatwa na jambo atamwambia nani? Shirika lisiloweza kujibu maswali hayo kuhusu mtumishi wake, litawalindaje watoto wa watu?

Tena wazazi wajue kwamba kazi hii hulemea moyo. Anayesikiliza habari za mauti kutwa nzima huja nyumbani kimya, halali vizuri, hukasirika upesi. Asichekwe, wala asiambiwe kwamba amekuwa mlegevu. Apewe nafasi ya kupumzika na mtu wa kuzungumza naye. Mwenye kuona kwamba haiwezi, aiache bila aibu. Kuna kazi nyingi za kuwafaa watoto zisizohitaji kwenda mpakani.

MWISHO

Yapo maswali ambayo kijana mwenye dhamiri hujiuliza: je, si vibaya kutafuta riziki katika msiba wa wengine? Daktari naye hula kwa ugonjwa, na mchimba kaburi kwa kifo. Ubaya hauko katika kulipwa bali katika kulipwa bila kuitenda kazi. Mwaka 1919 mwalimu wa zamani wa Kiingereza, Eglantyne Jebb, alikamatwa London kwa kugawa karatasi zenye picha za watoto wa nchi ya adui waliokuwa wakifa njaa, akatozwa faini ya pauni 5. Mwaka huo huo yeye na dada yake walianzisha Save the Children, na azimio la haki za mtoto aliloliandika lilikubaliwa na Shirikisho la Mataifa mwaka 1924. Hakuwa na cheo. Alikuwa na jambo analolijua kwa usahihi, na hakukubali kulinyamazia.

Basi kijana uliyeisoma makala haya, usingoje tangazo la kazi gazetini. Juma hili nenda kwa katibu wa watoto wa mtaa wako, au kwa tawi la Msalaba Mwekundu, ukaulize kuna nini cha kufanya. Ukipewa daftari, andika vizuri. Na ukiandika jina la mtoto, lisome tena mbele yake, umwulize kama ndivyo linavyotamkwa kwao.